Nimebebwa na mbeleko miaka 9: rivyu ya operesheni ya kuvuja mkojo

Habari zenu wote, na wasukuma wenzangu mwangaluka. Hii rivyu nimeichelewesha makusudi. Wengi wakifanyiwa kitu hospitali wanaandika wiki hiyohiyo, nimepona namshukuru Mungu, halafu basi, huwasikii tena, hujui mwaka wa 3 alikuwaje wala mwaka wa 7. Mi nilifanyiwa operesheni ya kuzuia mkojo kuvuja mwezi wa 8 mwaka 2016, hapahapa Mwanza, nikajiambia sitasema neno mpaka niwe na kitu cha kusema. Sasaivi imeshapita miaka 9. Hospitali siitaji na dokta simtaji, naongelea operesheni yenyewe, na nitaongelea pia ya mdogo wangu anayeishi Uingereza maana yeye alifanyiwa ya aina nyingine na tumekuwa tukilinganisha kwa simu miaka yote hii.

Nianze na nilikotoka. Nina watoto 5 wote nimezaa kwa njia ya kawaida, wa mwisho alitoka na kilo 4 na kitu. Nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, nyumbani ni Mabatini juu kule kwenye mawe, kwahiyo maisha yangu ni kunyanyua, kupanda, kushuka, na kukohoa maana ukipepeta dagaa wakavu lile vumbi linaingia mpaka kooni. Baada ya yule wa mwisho nikaanza kuvuja. Nikikohoa kidogo kinatoka. Nikipiga chafya kinatoka. Nikinyanyua gunia kumpandishia mteja kwenye guta kinatoka sio kidogo, kinashuka mpaka kwenye ndala. Kwaya ndo usiseme, naimba sauti ya kwanza na zile noti za juu unazivuta kutoka tumboni, nikawa kila wimbo mkubwa nabana miguu mpaka nimeacha kucheza zile hatua, mwisho nikaomba nikae nyuma, mwisho nikaacha kwaya kabisa nikasingizia biashara. Miaka 6 hiyo. Vipande vya kanga, baadae pedi, sketi nyeusi tu, na kila ninapokaa nikiinuka naangalia kiti. Mume wangu alijua kwasababu analala na mimi ila hatukuliongea, mama yangu mzazi nilipomgusia akasema mwanangu hiyo ni ya uzazi, hata mi ninayo, utazoea.

Na mtaani wakaanza kusema nina fistula. Hapa nisimame kidogo maana huku kwetu Kanda ya Ziwa hili neno linawachanganya watu na linawaumiza. Fistula ni tundu, mama anakaa na uchungu siku nyingi kichwa cha mtoto kimekandamiza, nyama inakufa, panatoboka kati ya kibofu na uke, basi mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana hata ukiwa umelala umetulia. Mimi nikilala ni mkavu, nikikaa kimya ni mkavu, mkojo unatoka pale tumbo linaposukuma tu. Ni vitu viwili tofauti na vina matibabu tofauti, vyote vinatibika. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanatibu fistula miaka mingi, kama una dada anavuja muda wote mpeleke haraka usimfiche ndani. Na nilikuja kujua kuna wanaoshonwa tundu likaziba vizuri kabisa ila bado wanabaki wanavuja wakikohoa kama mimi, kwahiyo akikuambia bado navuja usimwambie operesheni imefeli, huenda tundu limeziba na hii ya kwangu ndo imebaki.

Nilienda hospitali 2015 baada ya kuvuja kwenye daladala mbele ya shemeji yangu. Sitaki kuirudia hiyo siku.

Kipimo chenyewe hakina maajabu. Walipima mkojo kwanza kuona kama kuna U.T.I, wakanipa kidaftari niandike siku 3 nimekunywa nini, nimekojoa mara ngapi, nimevuja saa ngapi nikiwa nafanya nini, halafu nikaambiwa nije kibofu kimejaa nikohoe huku dokta anaangalia. Nilikohoa mara moja tu ikawa imeonekana. Kisha wakapima baada ya kukojoa kama kuna mkojo unabaki. Ilinichukua kama nusu saa, na aibu niliyoibeba miaka 6 iliishia kwenye kile kitanda, kwasababu yule dokta aliangalia kama mtu anayeangalia goti.

Hakunipeleka moja kwa moja kwenye kisu. Alinipa miezi 3 ya mazoezi ya misuli ya nyonga, unabana kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, unashika, unaachia, mara 8, mara 3 kwa siku, kila siku. Nilifanya nikipepeta dagaa, nikipika, kanisani. Yalinisaidia, nisiseme uongo, chafya ya kawaida nikawa naiweza, ila gunia hapana. Kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka 2013, wanawake 460, nusu wakapewa mazoezi nusu operesheni, baada ya mwaka waliosema wana nafuu upande wa mazoezi ni kama 64 kwa 100 na upande wa operesheni ni kama 91. Na karibu nusu ya wale wa mazoezi walikuwa wameshahamia operesheni kabla mwaka haujaisha. Binti yangu anasoma uuguzi ndo aliyenitafutia hayo, nilikuwa nalaumu kwanini nilipotezewa miezi 3, yeye akanigeuzia, mama, maana yake zaidi ya nusu hawakuhitaji kisu. Nikanyamaza. Hata sasa nikiulizwa nasema anza na mazoezi, na kama una uzito mkubwa upunguze, hata kilo chache zinapunguza msukumo.

Sasa mbeleko. Hilo neno ni la dokta, alichora kwenye karatasi. Njia ya mkojo ni mrija mfupi unaotoka kwenye kibofu, chini yake kuna nyama inayoushikilia kama sakafu. Ukizaa, ukibeba mizigo, ukizeeka, ile sakafu inalegea, ukikohoa mrija unashuka badala ya kujibana, mkojo unatoka. Basi wanachofanya wanapitisha mkanda chini ya ule mrija unaubeba kama mtoto mgongoni, wao wanaita slingi. Ukitulia haukubani, ukikohoa mrija unaegemea pale unajifunga. Nimebeba watoto 5 kwa mbeleko na wajukuu 2, sikuhitaji maelezo zaidi.

Mkanda wenyewe uko wa namna mbili. Namna ya kwanza wanachukua kipande cha utando mgumu kwenye tumbo lako mwenyewe, wanachana chini ya kitovu pale wanapochana kwa mtoto wa operesheni, wanakata kipande kama utepe, wanakipitisha. Hii ni ya zamani, imekuwepo kwa namna mbalimbali tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Namna ya pili ni tepu ya plastiki ya polipropilini, kama wavu mdogo, wanaipitisha kwa sindano kubwa zilizopinda kupitia vitundu vidogo. Hiyo ilianzia Sweden miaka ya 1990, dokta Ulf Ulmsten na mwenzake Peter Petros ndo walioianzisha, na ilienea dunia nzima kwasababu ni ya haraka, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mimi nilifanyiwa ya nyama yangu. Dokta alisema ndo aliyofundishwa na ndo anayoiamini mikononi mwake, na mi nikaona mtu akikwambia mkono wangu unajua hiki, kipokee. Kitu kingine alichoniuliza kabla ni kama nimemaliza kuzaa, maana ukibeba mimba baada ya pale unaweza kuharibu kazi yote. Nikamwambia dokta nimemaliza siku nyingi.

Hela nilikopa VICOBA, nikalipa kwa miezi 14. Ila gharama iliyoniumiza sio hiyo. Ni kuambiwa wiki 6 usinyanyue kitu kizito. Kwa mtu wa Mwaloni wiki 6 bila kunyanyua maana yake huna biashara, umwamini mtu mwingine na mzigo wako na wateja wako wa Congo na Burundi wanaokuja na haraka zao. Nilimweka mtoto wa dada yangu, alijitahidi, ila nilipoteza wateja 2 wakubwa. Naliandika hili kwasababu hospitali hawakulihesabu, wao walihesabu siku za wodi tu, mi nilikaa wodini siku 3. Kama unategemea mwili wako kula, panga hizo wiki 6 kabla ya kupanga tarehe ya thieta.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Maumivu ya tumbo ya kawaida ya kisu, yanavumilika. Kilichonitesa ni mpira wa mkojo. Walipoutoa siku ya pili sikuweza kukojoa, nimebanwa mpaka jasho linanitoka na hakitoki kitu, wakaurudisha, nikaenda nao nyumbani Mabatini, ile milima na mfuko wa mkojo umefungwa pajani chini ya dera, nikakaa nao siku 9. Nililia sana. Nilimwambia mume wangu nimetoka kuvuja nimekuja kuziba. Baadae nimeelewa hii ni shida inayojulikana kwa mkanda wa nyama, ukivutwa kidogo tu zaidi mkojo unapita kwa shida, wachache inabidi wajifunze kujitoa wenyewe kwa kampira kila siku, na wengine inabidi warudi walegezwe. Mimi ulikuja wenyewe siku ya 10 kama kamfereji kembamba. Mpaka leo mkojo wangu hauna kasi, nakaa, nainama mbele kidogo, namaliza, nasimama, nakaa tena namalizia. Dakika 2 badala ya nusu. Nimezoea.

Halafu ikaja ile siku. Wiki ya 8, nimerudi Mwaloni, vumbi likanipalia nikakohoa kile kikohozi cha kukunja mgongo, nikasubiri, hakuna. Nikakohoa tena makusudi. Hakuna. Nikanyanyua debe. Hakuna. Nilikaa juu ya gunia la mtu nikalia mbele ya watu na hakuna aliyejua nalia nini. Mwaka huo wa kwanza nilirudi kwaya, sio nyuma, mbele kabisa, na Pasaka ya 2017 nilivuta ile noti ya juu nikiwa nimesimama miguu imeachana. Hapo ningeandika rivyu ningetoa nyota 5 na nisingekuwa nadanganya.

Mwaka wa pili ndo kikaja kingine. Nikaanza kubanwa ghafla. Sio kukohoa wala kunyanyua, nimekaa tu, au nasikia maji ya bomba yanamwagika, au nafungua mlango wa nyumba, kinakuja kwa nguvu sina hata dakika, na mara nyingine kinanitangulia. Nilidhani mbeleko imekatika. Nilirudi hospitali ileile natetemeka, na pale ndo penye lawama yangu kubwa, nesi aliyenipokea alisema kwa sauti benchi zima linasikia, mama si ulishafanyiwa wewe, umebeba mizigo tena. Kana kwamba nimeharibu kitu cha watu. Dokta wangu hakuwepo, faili langu lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa 3 baada ya operesheni. Nilirudi nyumbani bila kupimwa.

Dokta mwingine, hospitali nyingine, ndo alinikalisha chini. Akanikohoza, hakijatoka kitu. Akasema mama mbeleko yako ipo imara, hiki ni kitu kingine, kuna kuvuja kwa kukohoa na kuna kuvuja kwa kubanwa, cha kwanza ni mlango mbovu, cha pili ni kibofu chenyewe kinajikunja bila ruhusa yako. Mkanda unatibu mlango. Hauwezi kutuliza kibofu, na kwa baadhi ya wanawake baada ya mkanda ndo kibofu kinaanza kusumbua, hasa kama mkojo unapita kwa shida. Akanipa vidonge, vikanikausha mdomo sana nikashindwa kuimba, nikaacha. Kilichonisaidia ni kukifundisha kibofu, unabanwa unajizuia dakika 5 huku umebana ile misuli ya mazoezi, wiki ijayo 10, unapunguza chai ya rangi na soda, huachi maji. Miezi 4 hivi ikatulia, haikuisha. U.T.I pia nilipata mara 2 mwaka ule.

Mtu angeniambia hilo kabla! Sentensi moja tu. Nisingekataa operesheni, ila nisingekaa miezi 5 nadhani nimeharibika.

Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, maana nimelifikiria miaka. Marekani walifanya utafiti mkubwa, wanawake 655, wengine wakawekewa mkanda wa nyama yao kama mimi, wengine wakafanyiwa ile ya kushona na kunyanyua shingo ya kibofu. Matokeo ya miaka 2 yalitoka 2007, kwa kuvuja kwa kukohoa waliofanikiwa upande wa mkanda ni 66 kwa 100, wa kushona 49. Mkanda ukashinda, ila ndo upande uliokuwa na U.T.I nyingi na mkojo wa shida na kubanwa, yaani kila kilichonipata kilikuwa kimeandikwa miaka 9 kabla sijalala kwenye kitanda. Halafu wakawafuatilia wengi wao mpaka mwaka wa 5, yakatoka 2012. Waliobaki wakavu kabisa upande wa mkanda ni kama 31 kwa 100, na upande wa kushona 24. Binti yangu aliponisomea nilimwambia rudia. 31! Theluthi! Nikaona tumedanganywa wote.

Akaniambia mama subiri, soma na mstari wa chini. Walioridhika upande wa mkanda ni 83 kwa 100.

Inawezekanaje wakavu ni 31 na walioridhika ni 83? Mi najibu kwasababu ni mmoja wao. Wale watafiti walihesabu kwa ukali, usivuje hata tone la aina yoyote siku zote 3 za kidaftari, useme mwenyewe huvuji ukikohoa, na usiwe umerudi kufanyiwa tena. Kwa hesabu hiyo mimi nimefeli, wiki iliyopita nimebanwa nikiwa natafuta funguo tone likatoka. Ila kabla ya 2016 nilikuwa nabadilisha vitambaa 5 kwa siku na nimeacha kwaya, sasaivi nabeba pedi moja kwenye pochi na mara nyingi inarudi ilivyo. Kuna mwanamke mwingine amekauka kabisa kwa kipimo cha dokta, ila ana maumivu au hawezi kukojoa bila kampira, huyo kwenye daftari amepita na nyumbani kwake hajapita. Kwahiyo ukiambiwa operesheni hii inafanikiwa kwa asilimia fulani, uliza wamehesabu nini. Kuvuja kwa kukohoa tu au kuvuja kote? Mwaka wa ngapi? Aliyesema amepona ni nani, dokta au mama mwenyewe? Namba zinapishana mbali sana kutokana na hapo.

Sasa mdogo wangu. Yeye aliwekewa tepu ya plastiki 2011 Uingereza, asubuhi kaingia jioni yuko nyumbani, wiki ya 3 karudi kazini kulea wazee. Tulipokuwa tunaongea 2016 mi nikiwa na mpira pajani nilimwonea wivu. Na tepu ina rekodi ndefu kuliko watu wanavyofikiri, kuna wanawake 90 wa nchi za kaskazini mwa Ulaya waliowekewa mwanzoni kabisa na wakafuatiliwa miaka 17, waliofikiwa na kupimwa zaidi ya 90 kwa 100 hawakuvuja walipokohozwa, na 87 kwa 100 wakasema wenyewe wamepona au wana nafuu kubwa. Hiyo ni namba nzuri, siwezi kuidharau. Ila ni wanawake wachache, tena mikononi mwa wale mabingwa wa mwanzo.

Mwaka wa 6 mdogo wangu akaanza kuhisi kitu kinachoma, mumewe nae anachomwa wakati wa tendo la ndoa. Kumbe ukingo wa tepu umetokeza kwenye ngozi ya uke. Alikaa mwaka mzima akiambiwa ni ukavu wa umri, akapewa krimu. Mwisho mama mmoja dokta akapapasa kwa kidole akaukuta. Walikata kile kipande kilichotokeza, kingine kikaachwa ndani. Kwanini wasitoe yote? Hapa watu wa ziwa mtanielewa haraka, chukua wavu uache kwenye magugumaji mwaka mzima halafu jaribu kuutoa mzima. Nyama inaota inapita kwenye yale matundu, ndo inavyoshika na ndo maana inafanya kazi vizuri, ila kuitoa yote ni kuchana njia ya mkojo na kibofu na mishipa. Wengine wanatolewa na maumivu yanabaki.

Na huo mwaka 2018 mwezi wa 7 serikali ya kule ikasimamisha matumizi ya tepu kwa kuvuja mkojo, kwa pendekezo la tume waliyokuwa wameiunda chini ya Baroness Cumberlege, ripoti ya tume ikatoka 2020 ikisema wanawake walilalamika miaka na hawakusikilizwa. Scotland walikuwa wamesimamisha mapema zaidi, 2014. Mdogo wangu alikuwa ananipigia usiku analia, dada nina bomu ndani. Nikawa namsomea namba alizonitumia mwenyewe, maana mwaka huohuo 2018 ilitoka hesabu ya wanawake 95,057 wa England waliowekewa tepu, na kwa miaka 9 waliotolewa tepu yote au kipande ni 3.3 kwa 100, na waliorudi kufanyiwa tena kwa sababu ya kuvuja ni 4.5. Namwambia mdogo wangu wengi hawajapata kitu. Akanijibu dada 3 kwa 100 ni ndogo mpaka uwe wewe, halafu hao ni waliorudi kwenye kisu, aliyekaa nyumbani na maumivu yake nani kamhesabu. Sikuwa na jibu, na bado sina. Ila tusichanganye, neti zilizoleta kesi nyingi zaidi ni zile kubwa zinazowekwa kupitia uke kuzuia kizazi na kibofu kushuka, Marekani walizipiga marufuku kuuzwa kwa kazi hiyo 2019, lakini tepu nyembamba ya mkojo bado inatumika kule. Kama umewekewa tepu na huna shida yoyote usikimbilie kutolewa, ila ukihisi kuchomwa, damu baada ya tendo, maumivu ya paja, U.T.I zisizoisha, nenda, na mwambie dokta kwa mdomo wako nina tepu ndani naomba uipapase.

Leo mdogo wangu ni mwaka wa 14, hajavuja akikohoa hata siku moja. Paja la kulia linamuuma akisimama zamu nzima. Nikimuuliza ungerudia anasema ningeomba ya nyama. Mi nikiulizwa ningerudia nasema ndiyo, hiihii, siku hiyohiyo, na mpira wa siku 9 juu.

Hali yangu sasa hivi. Mwaka wa 6 nilipata mafua makali yale ya kukohoa wiki 3, nikavuja kidogo kwa kukohoa mara ya kwanza tangu operesheni. Nilirudia mazoezi ya kubana kwa nguvu zote ikapungua. Saivi nikikohoa kawaida mkavu, gunia silibebi peke yangu tena, nalipa kijana, hapo ni umri na sio mbeleko. Kovu la tumbo lina ganzi upande mmoja. Tendo la ndoa halina shida yoyote, wengi mnaogopa kuuliza hilo nimewajibu. Safari ndo kipimo changu kikubwa, zamani kwenda msibani Sengerema nilikuwa sinywi maji tangu jana yake kwa ajili ya foleni ya feri Kigongo, mwaka 2025 daraja lilipofunguliwa nikavuka kwa dakika chache na chupa yangu ya maji mkononi. Feri ya Nansio bado naipangia, nakaa karibu na choo, maana kile cha kubanwa hakijawahi kuondoka kabisa.

Nyota. Kwa kuvuja kwa kukohoa natoa 5. Kwa operesheni nzima na yote yaliyofuata natoa 4. Kwa kufuatiliwa baada ya operesheni natoa 1, na hiyo 1 ni ya yule dokta wa pili. Miezi 3 wakafunga faili, mwaka wa 5 hakuna aliyenipigia, mwaka wa 9 hakuna, na hawa ndo wanakaa wanamwambia mwanamke mwingine leo matokeo yetu ni mazuri. Wamejuaje? Simu ya dakika 5 kwa mwaka ingetosha, mama bado mkavu, unakojoa vizuri, unabanwa, unaumwa, basi.

Aliye kwenye hatua ya kuamua akimwona dokta amuulize umefanya wangapi, mkanda gani, nikishindwa kukojoa mtanifanya nini, nikianza kubanwa nimwone nani, na nikirudi baada ya miaka 5 nitakukuta. Mwenye swali aniulize hapa chini, ila nitajibu jioni, asubuhi niko Mwaloni.